Lori Linalotetemeka Ijumaa

Mkange,
6 Mei 2024

Kwako Mjomba Mwinyimvua,

Assalaam alaykum. Shikamoo, mjomba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na mkaza mjomba Ashatu magoti yake yamempa nafuu. Sisi huku hatujambo. Mvua imetupiga sana, lakini mahindi yamesimama. Mama anakusalimu; anasema tangu uhamie Mlingotini umesahau kwamba una dada. Dada Hajra, kule Bagamoyo, ni mjamzito, na tukijaaliwa tutampokea mgeni kabla ya mwezi wa saba kwisha. Utingo wetu Bwanaheri anasema nikuambie kwamba bado analikumbuka kofi ulilompa karakanani alipoacha spana juu ya injini.

Najua simu huisikii tena, ndiyo maana naandika. Mjomba, lori la marehemu baba linasumbua. Likiwa barabarani huenda, lakini nikilisimamisha injini haitulii. Sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka, kibanda chote kinatetemeka hata vioo vinalia, na mara nyingine inazimika yenyewe. Asubuhi hutoa moshi. Fundi mmoja wa Bagamoyo amelitazama akasema pampu ya dizeli imekwisha, nibadilishe pampu pamoja na nozeli zote. Nimemwambia asubiri kwanza nikuulize.

Mimi mpwa wako,
Mikdad Ishaka


Mlingotini,
15 Mei 2024

Mpwa wangu Mikdad,

Waalaykum salaam. Marahaba. Barua yako niliipata kwa mkono wa kondakta, ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Mkaza mjomba wako anakwenda msikitini na kurudi bila mkongojo, alhamdulillahi. Mwambie mama yako kwamba sijamsahau. Yeye ndiye aliyeacha kuandika, na anajua kuandika kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye lori. Umeniandikia kwamba "linasumbua". Hilo ni neno la abiria. Mwenye gari husema gari linafanya nini, wakati gani, na baada ya nini. Umesema moshi, hukusema rangi yake. Moshi mweusi una habari yake na moshi mweupe una habari nyingine. Zamani ningesimama kando ya injini na kusikiliza. Masikio yangu yamebaki karakanani. Sasa wewe ndiye sikio langu, kwa hiyo nisikilizie vizuri.

Usiiguse pampu. Fundi anayeanza na pampu anafanana na tabibu anayeanza kwa kukata mguu. Fuata dizeli njiani, kutoka inakotoka hadi inakokwenda.

Kwanza, injini ikiwa inanguruma polepole, legeza kidogo nati ya bomba linaloingia nozeli ya kwanza. Weka kitambaa juu yake na ukae mbali na dizeli inayoruka, kwa maana inaruka kwa nguvu ya kupenya ngozi. Mngurumo ukiharibika zaidi, nozeli hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Ikaze, uende kwa ya pili. Ukilegeza moja na mngurumo usibadilike, hapo umempata mvivu. Wote wakiwa wazima, ugonjwa uko nyuma yao.

Pili, kata kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ukiunge kabla ya pampu, kisha utazame. Ukiona mapovu, kuna mahali panapovuta hewa. Mpira wa zamani hupasuka chini ya klipu, pasipoonekana, nao hauvuji hata tone. Huvuta upepo tu.

Uniandikie ulichokiona, si ulichodhani. Nisalimie Bwanaheri. Mwambie kofi lile halikuwa la spana. Lilikuwa la kusema uongo kwamba aliyeiacha ni mwingine, na tangu siku ile sijamsikia akisema uongo tena.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mkange,
2 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Barabara ya Makurunge ilikatika, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Mama amekuwa na mfungo wa sunna Jumatatu na Alhamisi tangu baba afariki. Nimemwambia apumzike, hataki kusikia. Anasema barabara aliyogongewa baba akibadilisha tairi ndiyo hiyo hiyo ninayopita mimi. Jumatano humpelekea mwalimu wa madrasa zafarani, Alhamisi huwa na shughuli zake za dua, na mimi huwa nalala mapema.

Nimefanya ulivyosema. Moshi ni mweupe, mzito, na hupungua injini ikipata moto. Nozeli zote ni nzima. Kila niliyoilegeza, lori lilichechemea zaidi. Mpira unaoonyesha ulitoa mapovu kama sufuria inayochemka. Tulifuata hadi tangini tukaukuta mpira umepasuka chini ya klipu, kama ulivyosema. Tukaubadilisha, tukatoa upepo, lori likatulia. Nilifurahi, mjomba. Bwanaheri aliweka kikombe cha chai juu ya boneti na chai haikumwagika.

Ilikuwa Jumamosi. Ijumaa iliyofuata, asubuhi, nikawasha: mtetemeko ule ule, moshi ule ule. Mapovu hayakuwapo tena. Nikafungua kizibo cha chini ya chujio la dizeli, yakatoka maji. Tukayatoa, lori likatulia tena, na Ijumaa ya pili maji yakarudi.

Mjomba, tangi lina kufuli. Anayelijaza ni Bwanaheri, na ufunguo anao. Sipendi kuandika hili. Nilimwuliza mbele ya gari.

"Maji haya umeyatia wewe?"

"Mimi sikutia maji."

"Nani basi?"

Akainama akakaza kizibo. "Maji yameingia. Tuyatoe, twende zetu, jua linapanda."

Mtu asiye na hatia hujibu hivyo? Wenzangu stendi wameniambia kwamba utingo akiuza dizeli ya bosi wake hujazia maji, ili kipimo kisishuke. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Mikdad


Mlingotini,
9 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwamba mpira ulipatikana. Mtu hudhani akipata ugonjwa mmoja amepata wote. Gari, kama mwili, laweza kuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na wa kwanza ukauficha wa pili.

Kuhusu Bwanaheri, nisikilize. Usimtuhumu. Huyu ndiye aliyemvua baba yako viatu pale barabarani na kumleta nyumbani amempakata. Anayeiba dizeli na kujazia maji hutia mengi, na gari hufa njiani. Wewe unapata maji ya kujaza kikombe, na kwa siku yake. Maji huingia tangini kwa njia nyingi: tangi likilala nusu, jasho hufanyika ndani, mpira wa kifuniko ukichanika, mvua huingia, hata kituo cha mafuta chaweza kuuza maji. Kwa hiyo lijaze tangi jioni, si asubuhi, na ubadilishe mpira wa kifuniko.

Kisha unijibu haya. Kwa nini Ijumaa? Lori hulala wapi Alhamisi? Nani yuko nyumbani? Funguo za tangi ni ngapi, na kila mmoja uko wapi? Na Ijumaa ijayo, kabla ya kuwasha, toa maji ya chini ya chujio katika chupa ya kioo yenye kifuniko, uniletee kama yalivyo. Usiyatikise, usiyamwage, usiyaongezee kitu.

Mtu akinyamaza, amenyamaza. Hajakiri. Kumbuka hilo mpaka nitakapokujibu.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mkange,
14 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini mlisherehekea Idi kwa amani. Huku habari ni njema na mbaya. Njema ni kwamba Hajra amejifungua salama mtoto wa kike, wamemwita Khairat. Mama aliondoka hapa mwishoni mwa mwezi wa sita kwenda kumwuguza, na hatarudi mpaka arobaini itoke. Nyumba imekuwa kubwa. Napika mwenyewe, na ugali wangu hata kuku wanautazama mara mbili.

Barua yako nimeipata juzi tu. Aliyetumwa aliiweka mfukoni mwa kanzu ya Idi, na kanzu ikakunjwa sandukuni. Ilikuwa imechelewa.

Bwanaheri hayupo tena. Siku mbili baada ya mama kuondoka, nilimwambia kwamba siwezi kusafiri na mtu nisiyemwamini. Nilidhani atapiga kelele. Alitoa ufunguo wa tangi, akaufuta kwa shati, akauweka juu ya usukani. Akasema, "Mama akirudi, mwambie nimemsalimu." Akachukua mfuko wake akaondoka kwa miguu.

Tangu siku hiyo, mjomba, hakuna tone la maji. Ijumaa zote lori limewaka kama jipya. Naona ushahidi umekamilika, ingawa sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi.

Chupa uliyoitaka ninayo. Niliijaza Ijumaa ya mwisho kabla hajaondoka, ili nimwonyeshe mwenyewe, kisha sikuwa na moyo wa kumwonyesha. Naituma na barua hii kwa dereva wa basi. Nimemwomba aishike wima.

Maswali yako: Alhamisi lori hulala uani, mbele ya dirisha la mama. Funguo ni tatu. Mmoja ninao mimi, wa pili ni huu aliourudisha Bwanaheri. Wa tatu ulikuwa wa marehemu. Uko chumbani kwa mama pamoja na saa yake na kofia yake, hautumiki.

Mikdad


Mlingotini,
20 Julai 2024

Mpwa wangu Mikdad,

Marahaba. Mwenyezi Mungu amkuze Khairat katika afya na imani. Nitakwenda Bagamoyo kumwona arobaini ikifika.

Chupa ilifika wima. Niliiweka dirishani na sikuigusa kwa siku kadhaa. Dizeli ilikaa juu, maji yakakaa chini, na maji yale yalikuwa ya manjano yenye wekundu kwa mbali. Nikasema ni kutu ya tangi. Lakini kutu hutua. Ukiiacha chupa itulie, kutu hulala chini kama unga na maji hubaki meupe. Haya hayakutua. Rangi ilikuwa ndani ya maji yenyewe. Basi nikaimwaga dizeli yote ya juu taratibu, nikayatia yale maji katika kisahani, nikakiweka juani hadi harufu ya dizeli ilipopungua. Ikabaki harufu niliyoijua tangu niko chuoni, nikisoma juzuu ya kwanza.

Zafarani na marashi, Mikdad. Hilo ni kombe.

Nilirudi kuzisoma barua zako. Nimekusumbua kwa maswali ya nati na mipira, na jibu ulikuwa ukiniletea kila mara, pale juu, katika salamu, ambapo mimi mwenyewe nilikuwa napita haraka. Mama yako hufunga Alhamisi. Mwalimu wa madrasa huletewa zafarani. Aya huandikwa katika sahani nyeupe, huoshwa, na maji yake huwa dawa. Lori hulala mbele ya dirisha lake. Ufunguo wa marehemu uko chumbani kwake. Wewe hulala mapema. Na alipokwenda kwa Hajra, maji yalikwenda naye.

Usimkasirikie. Barabara ilimchukua mumewe, na kila Ijumaa humpa mwanawe barabara ile ile. Alilinda kile alichoona kinakubeba. Hajui kwamba dizeli na maji havikai pamoja. Hakuna aliyemfundisha, na mimi, kaka yake, nimefundisha watu wa mbali mambo haya miaka yote.

Sasa jambo ambalo sikukuandikia. Bwanaheri yuko hapa Mlingotini, kwao, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Amekuwapo tangu siku chache baada ya wewe kumwondoa. Hukuniuliza yuko wapi, nami nilitaka kuona kama utauliza. Amenitengenezea uzio wa uani na hakutaja jina lako kwa ubaya wala kwa uzuri.

Jana nilimwita, akakaa karibu na sikio langu linalosikia kidogo, nikamwekea kisahani mbele yake.

"Unaiona rangi hii?"

"Naiona, mwalimu."

"Ni ya nini?"

"Macho yangu siku hizi si mazuri."

Macho yake huingiza uzi katika sindano ya turubai taa ikiwa imezimwa. Nikamwambia, "Ulimwona." Akaangalia uzio. Akasema, "Mwalimu, ule mti wa tatu haukukaa sawa," akainuka akaenda kuukaza.

Bila shaka alimwona mama yako akipanda kwenye gurudumu na bakuli mkononi, huku akisoma. Angesema neno moja, angebaki na kazi yake, na mwanamke mjane angeambiwa mbele ya stendi nzima kwamba ndiye anayeliua gari la mumewe. Alichagua wewe umwone mwizi. Mimi nilimpa kofi ili asiseme uongo, na kwako hakusema uongo. Alinyamaza tu.

Basi utafanya hivi. Utakuja Mlingotini mwenyewe, hutatuma mtu, wala hutaanza kwa kuja kwangu. Utakwenda kwake kwanza. Hutamweleza kwamba umejua, ataona. Utamwomba msamaha kwa ulichokifanya wewe, na usimtie mama yako katika maneno hayo. Stara aliyoiweka yeye, mimi na wewe hatuna ruhusa ya kuichana.

Fanya haraka. Mama yako akirudi baada ya arobaini na asimkute Bwanaheri, atauliza, na kila jibu litamfikisha kwenye bakuli lake. Akiwakuta wote wawili, hakuna swali.

Kuhusu kombe lenyewe, akirudi mwambie kwamba mjomba amesema: chuma hakina moyo, na kombe hunywewa na mwenye moyo. Liwe la dereva.

Mjomba wako,
Mwinyimvua


Mkange,
18 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mkaza mjomba shikamoo. Asante kwa samaki mliotufungia. Walifika wazuri, na mama amesema mkono wa wifi yake anaujua hata kwa chumvi.

Najua mkaza mjomba alikueleza jinsi nilivyofika kwa kina Bwanaheri siku ile, kwa hiyo sitarudia. Nitakuandikia tu ambacho hakukiona. Nilimkuta Bwanaheri akichonga kafi la shemeji yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalinikimbia. Nikasema, "Kaka Bwanaheri, nimekuja kuomba radhi." Hakuinua kichwa. Akasema, "Lori uliliegesha wapi?" Nikamwambia, barabarani. Akasema, "Umeliacha likinguruma. Nalisikia hadi hapa. Dizeli unanunua kwa mshahara wa nani?" Akaweka patasi chini, akaenda kulizima. Aliporudi aliingia ndani, akatoka na mfuko wake.

Tukashika njia. Tulipokaribia mahali alipogongwa baba, alinigusa bega, nikapunguza mwendo, tukasoma fatiha, tukaendelea.

Mama amerudi wiki iliyopita, akiwa amenenepa kwa supu ya uzazi isiyokuwa yake. Alimkuta Bwanaheri uani akipiga tairi upepo.

"Bwanaheri, mbona umekonda? Bosi wako hakulishi?"

"Amejifunza kupika, mama. Ndiyo sababu."

Alhamisi baada ya magharibi tulikaa barazani mimi na Bwanaheri, kwa makusudi. Mama alitoka na bakuli amelifunika kwa kitambaa cheupe. Alipotuona alisimama. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza, kwamba mjomba ameandika: chuma hakina moyo, kombe hunywewa na mwenye moyo.

Akauliza, "Kaka yangu amejuaje kwamba kuna kombe?"

Mjomba, hukunipa jibu la swali hilo. Mama akamgeukia Bwanaheri, na Bwanaheri akawa anaangalia gurudumu la nyuma kama ambaye hajawahi kuliona. Mama hakuuliza tena. Nilimwona akifikiri, nilimwona, nadhani, akilifikia jibu. Alikuja akakaa kati yetu, akafunua bakuli, na hakunipa mimi mwanawe. Alimpa Bwanaheri kwanza, kwa mikono miwili.

Bwanaheri alisema bismillahi, akanywa nusu, akanipa iliyobaki. Mama alipoingia ndani, Bwanaheri akajipangusa mdomo, akaniambia polepole, "Kesho asubuhi nikitoa moshi mweupe, usimlaumu mtu."

Ijumaa niliwasha lori kabla jua halijachomoza. Liliwaka kwa mara moja na kutulia, sailensa imenyooka, kikombe juu ya boneti hakikucheza. Nilikwenda kuchukua ufunguo wa tangi kwenye msumari ambapo Bwanaheri huutundika, ili tujaze. Nikakuta mbili. Ule wa marehemu ulikuwa umefungwa na wake kwa uzi mweupe, uzi wa kile kitambaa.

Nikalijaza tangi, nikazirudisha zote mbili msumarini.

Mpwa wako anayejifunza kusikiliza,
Mikdad Ishaka